Wiki za mwisho za kujitolea: usizimalizie madukani

Juzi kijana mmoja wa Moshi aliyeko Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea aliniandikia: "Dada, muda wangu unakatika, kichwa kimejaa. Nianzie wapi?" Nilimjibu, lakini najua mnaomaliza Agosti mko wengi, kwa hiyo naandika na hapa.

Mimi nilitumikia Wuppertal, mji wenye treni inayoning'inia juu ya mto tangu 1901, katika nyumba ya kulea wazee. Huduma yenyewe ni ile ya kitaifa ya kujitolea, iliyoanza 2011, Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima. Kabla ya hapo vijana wao waliokataa kushika bunduki ndio waliopelekwa kulisha na kutembeza wazee. Baridi, lugha na upweke wa miezi ya mwanzo sivisimulii, mnavijua.

Zilipobaki wiki chache, wenzangu wengi walitawanyika Paris na Amsterdam, wengine wakashinda madukani kujaza mabegi. Mimi nilikuwa namhudumia bibi mmoja mwenye maradhi ya kusahau. Nikimwambia naondoka, analia. Kesho yake amesahau, nikimwambia tena analia upya. Wahudumu wakanishauri ninyamaze, siku ikifika nitoweke tu. Nilikataa. Mzee haagwi kwa kumtoroka, hata kama hatakumbuka. Nikawa namwambia wakati namchana nywele, tukiimba pamoja nyimbo za kanisani kwao, na polepole machozi yakakoma. "Basi msalimie mama yako," akawa anasema. Siku ya mwisho aliniwekea mkono kichwani akanibariki. Najivunia jambo lile mpaka leo.

Kinachoniuma bado ni cheti. Mkuu wangu wa kazi alinipa karatasi ya mistari mitatu: jina, tarehe, asante. Mwaka mzima wa kulisha, kuosha na kusikiliza watu, mistari mitatu! Nilirudi ofisini kwake na sheria mkononi. Anayemaliza huduma ile ana haki ya kudai cheti cha maandishi, kinachoeleza pia utendaji na mwenendo wake. Alikunja uso, lakini akaandika.

Kwa hiyo, mdogo wangu, dai cheti mapema, kabla aliyekuona ukifanya kazi hajaenda likizo. Kisha kuna Abmeldung, yaani kujiondoa kwenye daftari la wakazi: hufanyika kuanzia wiki moja kabla ya kuhama, na isipite wiki mbili baada ya kuhama. Itunze karatasi yake, maana mara nyingi ndiyo utakayoombwa ukitaka kuvunja mkataba wa simu. Akaunti ya benki usiifunge kabla posho ya mwisho haijaingia.

Na waage watu. Waage mapema, mmoja mmoja, hata mpishi, hata mfagiaji. Tumelelewa hivyo, tusijifanye tumesahau kwa sababu tumepanda ndege. Paris itakuwepo. Zawadi za nyumbani zinunue kwa kiasi cha posho yako, usikope kwa ajili ya midomo ya watu, maana midomo haitosheki.

Shangazi yangu alilitazama begi langu sebuleni akauliza, "Mwaka mzima Ulaya, ndiyo hivi tu?" Sikumjibu. Miezi michache baadaye nilikipeleka kile cheti, kilichoandikwa upya, kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, na sasa niko mwaka wa pili.