Anajibu maswali yote ya mafundisho, lakini je yuko tayari kwa Komunyo ya Kwanza?

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa wasomaji. Mwezi huu barua karibu zote ni za Komunyo ya Kwanza, na naelewa, manake parokia nyingi watoto wanapokea Mwili wa Kristo (Ekaristi) kwa mara ya kwanza kati ya Pasaka na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa hiyo saa hizi nyumba nyingi ni mazoezi na mafundi cherehani. Nimefundisha watoto wa komunyo miaka 19, kwanza kigangoni alafu parokiani, nitajibu kwa niliyoyaona na kwa Kanisa linavyofundisha.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yupo darasa la tatu. Mafundisho ameanza mwaka jana na ana kichwa kizuri, Nasadiki anaimwaga yote, amri kumi, amri za Kanisa, sakramenti saba, hakosi hata moja. Sasa juzi tuko jikoni nachambua mchicha nikamuuliza hivi siku ile utapokea nini, akasema hostia. Nikamuuliza hostia ni nini, akasema ni kale kamkate keupe ka padri. Nimekosa amani kabisa. Nimwambie katekista amrudishe nyuma mwaka mmoja? Mama wa Mbagala.

Marahaba mama. Usimrudishe, na tafadhali usimgombeze, amekujibu kile macho yake yanachoona. Ila umegusa penyewe. Sisi tumezoea kumpima mtoto kwa kukariri, akitiririka tunasema huyu tayari, akikwama kwenye Nasadiki tunasema bado, wakati Kanisa linauliza kitu kingine kabisa.

Zamani watoto walikuwa wanacheleweshwa mno, sehemu nyingine mpaka miaka 12 au 14, ndo Papa Pius wa 10 mwezi Agosti 1910 akatoa hati iitwayo Quam singulari akasema mtoto akianza kutumia akili yake, yaani kwenye miaka 7 hivi, na akiweza kutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, asizuiliwe. Na Sheria ya Kanisa ya sasa, kanoni 913, inasema hivyo hivyo, mtoto awe na maarifa ya kutosha kadiri ya uwezo wake na ampokee Bwana kwa imani na ibada. Kadiri ya uwezo wake mama, siyo kadiri ya uwezo wa padri. Mtakatifu Carlo Acutis, yule kijana wa Italia aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, alipokea akiwa na miaka 7 tu kwa ruhusa maalumu, sababu alikuwa anaonyesha kabisa anamjua anayemwendea.

Sasa ukishajua hilo utaona kazi iliyobaki ni ya kwako pale pale jikoni. Mimi darasani nilikuwa nachukua unga wa ngano na maji, basi, hamna hamira hamna chumvi, naukanda mbele yao, tunausukuma mwembamba kabisa tunauweka kwenye kikaango bila mafuta, kila mtoto anapata kipande anaonja. Nawauliza huu ni nini, wanasema mkate. Ndio, na hostia kabla ya misa ni hivi hivi, ngano na maji, masista wanazitengeneza. Alafu nawasomea maneno anayosema padri, "huu ndio mwili wangu utakaotolewa kwa ajili yenu," nawaambia kuanzia hapo ukiniuliza ni nini sikujibu tena mkate, nakujibu ni nani. Siku moja binti mmoja mdogo, kipande bado kipo kiganjani hajala, akaniuliza mwalimu sasa Yesu haumii tukimtafuna? Nilikaa kimya kwanza. Nikamwambia haumii, ameshafufuka hafi tena, na yeye mwenyewe ndo ametuambia tumle. Yule mtoto alikuwa anababaika hata kwenye Salamu Maria, lakini kwa swali lile nilijua yuko tayari kuliko wote waliokuwa wanatiririka.

Kingine, mpeleke kanisani siku ambayo hamna misa, dakika kumi tu. Muonyeshe ile taa nyekundu inayowaka karibu na tabernakulo, yaani kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, mwambie ikiwaka maana yake Yesu yupo humo. Alafu piga goti wewe, taratibu, goti lifike chini. Mtoto anaangalia goti la mama yake, sisi tukiingia tunachuchumaa nusu huku tunatafuta benchi lenye feni na yeye anajifunza kwamba pale hamna mtu.

Mfundishe na mikono, kushoto juu kulia chini, apokee, ale pale pale mbele kabla hajageuka, asitembee nayo. Padri akisema Mwili wa Kristo ajibu Amina kwa sauti inayosikika. Niliwahi kuwa na kijana alijibu "asante padri", wenzake wakamcheka, nikawanyamazisha manake ametoka nayo moyoni, lakini nikamweleza Amina ni kusema ndiyo nasadiki ni kweli, na asante ataisema akishakaa, apige magoti aongee na Yesu kwa maneno yake mwenyewe. Haya maongezi ya baada ya kupokea ndo watoto wengi hawafundishwi, anarudi anaanza kuangalia viatu vya mwenzake. Mwambie tu, ukirudi mwambie Yesu karibu, mtajie watu watatu unaowaombea. Anaweza.

Mwalimu, mimi nalea mwenyewe, baba wa mtoto tulikuwa tunaishi tu bila ndoa na ameshaondoka. Binti yangu amemaliza mafundisho miaka miwili, sasa fomu ya komunyo inatakiwa isainiwe na jumuiya yetu ndogo ya waumini wa mtaani, kiongozi amekataa, anasema sihudhurii jumuiya, zaka nadaiwa, na ndoa sina. Mimi nauza mboga, jumamosi asubuhi ndo siku ya kupata. Mtoto analia kila siku. Nifanyeje? Msomaji wa Morogoro.

Dada yangu pole sana, barua yako nimeisoma mara tatu.

Mtoto wako hana kosa. Kukosa kwako ndoa hakumzuii yeye kupokea, hamna sheria ya Kanisa inayosema hivyo. Kanoni 843 inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati wake, walio na maandalizi yanayotakiwa na wasiokatazwa na sheria, na kanoni 848 inaonya kabisa maskini wasikoseshwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Zaka ni wajibu wetu sote wala sikufichi, lakini haiwi tiketi ya mtoto kuingia mezani kwa Bwana. Viongozi wetu wa jumuiya wengi wanajitolea na wanachoka kukusanya michango, nawaheshimu, ila anayeamua mtoto apokee au asipokee siyo wao. Kanoni 914 inawapa jukumu hilo kwanza wazazi na wale wanaoshika nafasi ya wazazi, na pamoja nao paroko.

Kwa hiyo nenda kwa paroko, siku ya ofisi, nenda na mtoto, beba cheti cha ubatizo na ile namba yake ya LB, yaani namba ya kitabu cha ubatizo. Ongea kwa heshima, mweleze hali yako yote kama ulivyoniandikia mimi usifiche, mwombe amsikilize binti. Mapadri wengi wakimsikia mtoto anamweleza Yesu hawahitaji saini ya mtu. Na jumuiya dada usiiache, siyo kwa ajili ya fomu, kwa ajili yako, manake siku ukiugua hao ndo watakuja na uji. Kama jumamosi huwezi mwambie kiongozi ukweli, omba siku moja sala ifanyike kwako jioni, mkeka tu na maji ya kunywa vinatosha. Na hilo la ndoa likikugusa nalo ongea na padri kwa wakati wake, hapo mlango haujafungwa.

Mwalimu mume wangu anataka mtoto asubiri mwakani, anasema mwaka huu hatuna hela ya sherehe. Gauni na shela tumeambiwa 85,000, keki 60,000, bado pilau na soda za wageni na mpiga picha. Anaona aibu mtoto wa ndugu yake alifanyiwa ukumbi. Mama wawili, Dodoma.

Hapana mama, msimcheleweshe kwa sababu ya keki. Mtoto anayeutaka Mwili wa Kristo akaambiwa subiri baba apate hela ya ukumbi, amefundishwa siku hiyo hiyo kipi kikubwa na kipi kidogo, na itachukua miaka kukifuta.

Gauni jeupe linakumbusha lile vazi jeupe la ubatizo, ndo maana yake, halitakiwi kuwa la bibi harusi. Azima. Parokia nyingine wanashonesha nguo moja rahisi kwa wote, na kusema kweli ningependa iwe hivyo kila mahali, manake nimeona mtoto amejificha nyuma ya ukumbi wa parokia hataki kuingia kwenye foleni kwa sababu gauni lake ni la kuazima na wenzake wana mataji kichwani, alikuwa amekunja pindo mkononi kuficha doa la kutu, nikavua kanga yangu nyeupe ya ndani nikamfunga kiunoni kama mshipi tukaenda wote. Hilo doa nalikumbuka mpaka leo. Mzee mwambie apike wali na maharage, aite bibi, babu na wasimamizi wa ubatizo, alafu kabla ya kula baba mwenyewe asimame asali, aweke mkono kichwani kwa mtoto ambariki. Wenye ukumbi wengi hilo hawalifanyi.

Bibi yake anasema mtoto asile wala kunywa kitu toka usiku. Misa ni saa nne. Ni kweli?

Bibi anasema alichofundishwa, ndo ilikuwa sheria yenyewe zamani. Papa Pius wa 12 mwaka 1957 akafanya masaa matatu, na Papa Paulo wa 6 mwaka 1964 akafanya saa moja, na ndo ipo mpaka leo, saa moja kabla ya kukomunika, siyo kabla ya misa kuanza. Maji na dawa haviharibu kitu. Misa ya komunyo ni ndefu, kanisa limejaa, joto, watoto wanaanguka kila mwaka, mpe uji asubuhi mapema. Bigijii ndo marufuku.

Mwanangu anaogopa kuungama mpaka anaumwa tumbo. Anasema padri atamwambia mwalimu wake. Nimwombee aruhusiwe kupokea kwanza ataungama baadae? Baba wa Moshi.

Kitubio, yaani kuungama, kinatangulia baba, kanoni 914 inasema hivyo, usiombe njia ya kuzunguka, bora umsaidie huo woga utoke. Kwanza mwambie padri hawezi kumwambia mtu yeyote, si mwalimu si wewe baba yake si polisi, siri ya maungamo haivunjwi hata kwa kifo. Na wewe usimuulize umesema nini. Wazazi wengine wanauliza wakiwa njiani kurudi nyumbani, hapo mtoto hatakwenda tena kwa moyo.

Pili, umpeleke siku moja akaone kile kiti cha maungamo kikiwa kitupu, akae, apige magoti, azoee. Mfundishe aanze vipi, "Padri nibariki, kwa kuwa nimekosa, hii ni mara yangu ya kwanza kuungama," alafu aseme dhambi zake kwa maneno ya nyumbani, nimemdanganya mama, nimechukua hela ya dada, nimempiga mwenzangu. Mtoto mmoja wa darasa langu aliziandika kwenye kiganja kwa peni zisimpotee, foleni ikawa ndefu mikono ikalowa jasho, kufika karibu anafungua kiganja hamna kitu ni wino tu umesambaa, akalia. Nikachuchumaa nikamwambia mwanangu, Mungu ameshazisoma, wewe ingia umwambie padri nimesahau atakusaidia. Alitoka dakika tatu baadae anaruka ruka. Akisahau hata Sala ya Kutubu katikati, padri atamwongoza, wamezoea.

Alafu wewe baba, jumamosi hiyo panga foleni uungame pia, uwe mbele yake. Hiyo inamaliza tumbo kuliko maneno yangu yote.

Mimi mkatoliki, mke wangu mlutheri, mtoto alibatizwa KKKT akiwa mchanga. Sasa tumekubaliana alelewe ukatoliki, ana miaka 10 anataka kuanza mafundisho. Itabidi abatizwe upya?

Habatizwi tena. Ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu ni mmoja tu, na wa KKKT Kanisa Katoliki linautambua. Anachohitaji ni kupokelewa rasmi kwenye Kanisa Katoliki, paroko atawaelekeza inafanyikaje kwenu. Aanze mafundisho na wenzake sasa hivi asisubiri. Mwombe mkeo akusaidie kupata cheti cha ubatizo usharikani kwake, na siku ya kwenda kwa paroko nendeni wote wawili, mtoto amwone mama yake amekaa pale.