Maswali yenu: Karatasi za bure za kufundishia watu wazima

Naomba unitumie viungo vyote vya masomo ya bure ya hesabu na Kiingereza. (Arua)

Swali hili nimelijibu mara nne mwaka huu. Vyote sikutumii. Chukua viwili: Skills Workshop ya Uingereza, ambako walimu huwekeana karatasi walizozitumia wenyewe darasani, na Skillswise ya BBC. Mzazi anayetaka kumsomea mwanawe mpe hadithi za African Storybook, zipo hata za Kilugbara. Aliyejaza simu faili mia mbili mara nyingi hajafundisha hata moja.

Nimetoa kopi karatasi za hesabu za Uingereza, lakini wanafunzi wangu wanasinzia. Tatizo nini? (Jinja)

Tatizo ni wewe, mwalimu, samahani. Umempa muuza samaki hesabu ya pauni 3.99. Noti yetu ndogo hapa Uganda ni ya shilingi 1,000, na shida yake ni sufuri: kutofautisha 50,000 na 500,000 kwenye ujumbe wa wakala. Nukta za desimali zihamishie kwenye mizani, huko kilo 1.5 ina maana.

Saa nayo ni mtego. Karatasi inaonyesha mshale kwenye nane na kudai ni saa nane, wakati darasa zima, kwa Kiswahili na kwa Luganda, linajua hiyo ni saa mbili asubuhi. Mwanafunzi hajakosea. Mfundishe kuwa zipo hesabu mbili za saa, na miadi ya hospitali au ofisini huandikwa kwa ile ya Kizungu.

Kisha tumia asilimia walizoziacha Waingereza kwenye bei za punguzo, uzipeleke kwenye mkopo. Mtu kakopa 200,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kila mwezi analipa 20,000 za riba tu. Baada ya mwaka ametoa 240,000, na deni bado ni 200,000. Andika hiyo ubaoni uone nani atasinzia. Wapo wakopeshaji wanaoomba Mungu somo hilo lisifundishwe.

Level 1 ni sawa na P1? (Mbale)

La! Level 1 ni kiwango cha Uingereza cha watu wazima, si darasa la kwanza la msingi. Chini yake zipo Entry Level tatu. Anza na Entry 1, na usome maelezo ya karatasi kabla ya kuniuliza.

Mbona karatasi za Kiingereza za Skillswise zinawashinda wanafunzi wangu? (Kasese)

Kwa sababu zimelenga mtu anayekisema Kiingereza tangu utotoni ila kusoma na kuandika kunamsumbua. Wako hajakisema bado. Mtafutie za wageni wa lugha, mfano LearnEnglish ya British Council, na wiki za mwanzo msiandike, semeni: kusalimia, kuuliza bei, kujieleza kwa daktari. Asiyejua kusoma kabisa aanze kwa lugha yake. Kisomo cha serikali, FAL, kilipoanza 1992 kilishika lugha za wenyeji, na hapo hawakukosea.

Naweza kuwauzia wanafunzi kopi kwa sh 500? (Kampala)

Soma leseni. Kwenye leseni za Creative Commons (CC), ukiona herufi NC, biashara hairuhusiwi. CC BY pekee inakuruhusu kubadilisha na hata kuuza, mradi umtaje mwandishi. Kufuta jina lake ukaweka la shule yako ni wizi, na karatasi za namna hiyo nimeziona.

Kijijini kwetu hakuna mtandao. Tufanyeje? (Bundibugyo)

Mmoja wenu mwenye kompyuta aingie mjini, apakue Kolibri, programu ya kusomea bila mtandao, pamoja na masomo. Ikishajaa haihitaji bando.

Lakini wewe wa Bundibugyo unaniuliza mimi? Kwenu ndiko Reflect, mbinu ya kisomo cha watu wazima, ilikojaribiwa miaka ya 1990, sambamba na Bangladesh na El Salvador. Hawakuja na kitabu cha kiada. Watu walichora ramani ya kijiji ardhini kwa vijiti, mbegu na mawe, wakapanga kalenda ya njaa na mavuno, ndipo maneno na tarakimu zikatoka humo. Waulize wazee, huenda wapo waliokaa kwenye duara lile.

Kuna kundi la WhatsApp linatoa masomo ya bure, kiingilio sh 10,000. Nijiunge? (Busia)

Bure ya sh 10,000?