Feni zinazunguka, skrini nyeusi: maswali yenu ya nyaya za mazabodi

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimejiungia kompyuta ya mezani mwenyewe, ndo mara yangu ya kwanza, nikibonyeza swichi feni zote zinazunguka na taa zinawaka ila skrini nyeusi tii na kibodi haiwaki. Kuna waya mmoja wa pawa umebaki unaning'inia sijui wa nini. Nimeua prosesa?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, pole, prosesa yako sidhani kama imekufa. Mchawi ni huo waya unaoning'inia. Watu wakishachomeka ile plagi pana ya pini 24 kwenye mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, wakaona feni zinazunguka wanajua kazi imeisha, kumbe prosesa ina umeme wake peke yake, plagi ya pini 8, bodi nyingine pini 4, na tundu lake limejibanza huko juu kwenye kona karibu na soketi ya prosesa ambako hata vidole havifiki vizuri, ndo maana linasahaulika kila siku. Bila hiyo feni zitazunguka mpaka kesho na prosesa imelala tu.

Sasa hapa usiparamie. Kadi ya grafiki, ile ya kutoa picha kwenye skrini, nayo ina plagi ya pini 8, ukiziangalia harakaharaka utasema mapacha. Ya prosesa inagawanyika nne kwa nne, ya grafiki inagawanyika sita na mbili, na volti 12 kwenye hii ziko upande huu, kwenye ile upande wa pili, kwa hiyo ikigoma kuingia iache, ukiilazimisha unajipigia shoti mwenyewe. Na kama pawa saplai yako, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, ni zile za nyaya za kuchomoa, usiazime waya wa pawa saplai nyingine hata kama unaingia bila shida, maana upande wa bodi zinafanana ila upande wa pawa saplai kila mtengenezaji kapanga pini anavyojua yeye. Diski nyingi zimeungulia hapo.

Kabla hujaingiza mkono chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia mara mbili tatu, subiri ile taa ndogo ya kwenye bodi izime. Taa hiyo huwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa kwa sababu kuna volti 5 za akiba muda wote. Halafu kama umeweka kadi ya grafiki, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, sio kwenye bodi!

SWALI: Mimi yangu haiwaki kabisa, nabonyeza swichi ya kesi (boksi la nje) kimya. Vile vinyaya vyembamba vya mbele vimenichanganya.

JIBU: Vinachanganya kila mtu, hata mimi mpaka leo nafungua kitabu cha bodi na kumulika tochi ya simu. Cha swichi ya kuwashia ukikigeuza hakina shida, cha riseti pia, ila vya taa vina chanya na hasi, ukigeuza taa haiwaki tu, haiungui kitu. Ujanja ni huu, toa waya wa swichi, waya wa ukutani uwe umechomekwa, chukua bisibisi ugusishe pini mbili za PWR, yaani za swichi ya kuwashia, kwa pamoja nusu sekunde hivi, hizo mbili tu usiguse za jirani. Ikiwaka, ugonjwa uko kwenye swichi ya kesi au ulichomeka pini zisizo zake. Isipowaka rudi kwenye plagi ya pini 24, isukume mpaka kale kameno kalie tak, nyingi zinaonekana zimeingia kumbe nusu.

SWALI: USB za mbele zinaingia wapi?

JIBU: Za zamani zina pini 9, na ya sauti ya mbele pia 9, ila angalia pini iliyokosekana, hazikosi sehemu moja. USB 3 ni ile nene ya bluu au nyeusi yenye pini 19, hiyo iingize wima taratibu, mimi nilishaipinda pini kwa haraka zangu na kuinyoosha kwa kibanio ilinichukua jioni nzima.