Kiharusi: mdomo ukienda upande, angalia saa

Mtu akiamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, nyumba nyingi hukimbilia mafuta ya kukandia. Mkono wenyewe hauna ugonjwa. Tatizo liko kwenye ubongo, tena upande wa pili: nusu ya kushoto ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi hubeba pia kazi ya lugha. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza maneno ingawa bado anakutambua. Msimseme kama hayupo.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauweki akiba. Bonge la damu likiziba mshipa, sehemu ya katikati hufa ndani ya dakika chache. Inayoizunguka huzimika bila kufa, ikiishi kwa damu kidogo ya mishipa ya jirani. Hiyo ndiyo inayopiganiwa hospitalini.

Kuna kiharusi kingine, cha mshipa kupasuka, mara nyingi kwa presha ya miaka mingi. Kwa macho hata daktari hawezi kuvitofautisha kwa uhakika, inatakiwa CT-Scan, yaani picha ya ndani ya kichwa. Kwa hiyo usimpe aspirini, maana kama mshipa umepasuka utazidi kuvuja. Dawa ya presha ya kabatini nayo iache: presha ikishushwa ghafla, ile sehemu iliyozimika hukosa hata kile kidogo ilichokuwa inapata. Wala usimnyweshe maji au uji. Koo linaweza kuwa limelegea pia, na kinachopitiliza mapafuni huleta nimonia.

Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyeamka nacho huhesabiwa tangu alipolala. Andika saa hiyo, kisha pigeni simu kuulizia hospitali yenye CT-Scan mkiwa tayari njiani. Sukari ipimwe mapema, kwa sababu ikishuka sana huiga kiharusi. Akilegea fahamu, mlaze ubavu.

Dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika 20, nendeni vilevile, siku hiyohiyo. Hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku 2 zinazofuata.