Uchumi ukikua, lazima gesijoto nazo zikue vivyo hivyo?

SWALI: Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Wakati huohuo tunataka viwanda, reli na umeme kila kijiji. Uchumi ukikua kwa asilimia 6 kwa mwaka, gesijoto nazo si zitapanda asilimia 6? Ahadi hiyo itatekelezekaje?

JIBU: Ndugu msomaji, ahadi hiyo haipimwi kwa kiwango cha leo. Inapimwa kwa kiwango ambacho tungefikia 2030 kama tusingechukua hatua yoyote. Kwa hiyo gesijoto zinaweza kuongezeka na ahadi bado ikatimia.

Tuje kwenye hesabu yako. Hewa ukaa, ambayo ni gesijoto kuu, itokanayo na nishati hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: idadi ya watu, pato la kila mtu, nishati inayotumika kuzalisha kila shilingi ya pato, na hewa ukaa katika kila kipimo cha nishati. Mlinganyo huu ni wa Mjapani Yoichi Kaya. Viwili vya kwanza kwa pamoja ndiyo asilimia 6 yako. Tuseme mashine bora na kupunguza umeme unaopotea njiani vinashusha cha tatu kwa asilimia 2 kila mwaka, na cha nne kinashuka kwa asilimia 1. Gesijoto zitapanda kwa takriban asilimia 3 tu. Baada ya miaka 12 uchumi umekuwa maradufu, gesijoto zimeongezeka asilimia 43, nazo ziko pungufu kwa asilimia 29 kuliko pale ambapo zingefika.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, linagusa kitu cha nne, maana kabla yake zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi asilia. Hata hivyo siungi mkono kufunga mitambo ya gesi. Mto Rufiji, lilipo bwawa hilo, unategemea mvua, na mwaka wa ukame lazima kiwepo kitu cha kuwasha taa. Ninachokipinga ni mitambo mipya ya makaa ya mawe: hutoa takriban maradufu ya hewa ukaa ya gesi kwa umeme uleule, na ukishaijenga umejifunga nayo kwa miongo.

Lakini mlinganyo wa Kaya hauoni msitu, na kwetu sehemu kubwa ya gesijoto hutokana na ukataji miti, ufunguaji wa mashamba na mifugo. Tanuri la kienyeji hula kilo 100 za kuni likakupa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Ndiyo maana naunga mkono gesi ya mtungi, ingawa nayo hutokana na mafuta ya ardhini. Mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kikwazo ni fedha ya mkupuo: mkaa unanunuliwa kwa kopo, mtungi unajazwa kwa bei yake yote. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu tayari zipo. Ningekuwa mpangaji wa bajeti, ningezipeleka Mbagala na Tandika kabla ya kununua mtambo wowote mpya.