Jibu: Wajane wa Ecuador waliwezaje kuishi na waliowaua waume zao?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje mjane akahamia kwa Wawaorani, kabila la msituni Ecuador, waliomuua mumewe. Kwanza tusahihishe: ni mjane mmoja tu aliyehamia, Elisabeth Elliot, pamoja na Rachel Saint, dada yake Nate, rubani aliyeuawa pamoja na mumewe Elisabeth.

Wamisionari watano, hao wawili wakiwemo, waliuawa na Wawaorani kwa mikuki kando ya mto Curaray tarehe 8 Januari 1956. Kabla ya hapo walikuwa wakishusha zawadi kwa ndoo: ndege inazunguka, kamba ndefu inaning'inia, na ndoo inatulia karibu mahali pamoja hadi mtu aishike. Ufundi mzuri, lakini ndoo haiongei. Lugha walikuwa na vijisentensi vichache tu walivyofundishwa na Dayuma, Mwaorani aliyewakimbia watu wake na kukaa miaka mingi kwa Wakichwa, kabila jirani.

Aliyefungua njia hasa ni huyo Dayuma, na watu humsahau. Mwaka 1957 wanawake wawili wa kwao walitoka msituni; mwaka uliofuata akarudi nao nyumbani, kisha akaja kuwaita Elisabeth na Rachel. Oktoba 1958 wakaingia bila silaha, na Elisabeth akiwa na bintiye Valerie wa miaka mitatu. Hapo ndipo penye uzito: kwa Wawaorani damu ililipwa kwa damu, na mtoto wa marehemu ndiye mlipiza kisasi wa kesho. Mama kumleta mtoto huyo kijijini ni kusema hakuna deni.

Halafu, usiwaite "Auca". Ni neno la Kikichwa, maana yake washenzi.