Amarone kuwa chungu baada ya Recioto

Ndugu, umesema chupa tatu za shamba la familia kule Valpolicella, karibu na Verona, Italia, ulizifungua usiku mmoja ukaanza na ile tamu, Recioto, na Amarone iliyofuata, ambayo ni kavu (haina utamu), ikawa chungu na kuchoma koo. Mvinyo hauna kasoro. Sukari ikishakaa ulimini, mvinyo mkavu unaofuata huonekana mchungu. Anza na mvinyo wa kawaida wa Valpolicella, kisha Amarone, Recioto iwe ya mwisho.

Joto nalo lina lawama. Amarone haipungui asilimia 14 ya alkoholi. Ukiimimina ikiwa na nyuzi 28 za sebuleni, pombe hupanda puani na kufunika harufu ya tunda. Ipoze kwenye friji hadi nyuzi 18, Recioto 12 hadi 14. Kisha mimina Amarone kwenye jagi pana la kioo saa moja kabla. Kung'oa kizibo tu hakutoshi, shingo ya chupa ni nyembamba mno kupitisha hewa.

Raha yenyewe iko hapa: Amarone na Recioto hutokana na zabibu zilezile, hasa aina ya Corvina, zilizoanikwa darini hadi zinyauke. Tofauti ni kwamba Recioto husitishwa kuchacha sukari ikiwa bado imo. Kwa hiyo nusa glasi hizo mbili kwa zamu, utafute cheri kavu katika zote. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni. Ukakasi kwenye fizi ni tanini, kitu kitokacho kwenye maganda na mbegu za zabibu. Kipande cha jibini ya Parmigiano huulainisha. Recioto inapendeza sana na jibini ya gorgonzola, lakini keki tamu kuliko mvinyo huufanya uonekane mchachu.